Mtoto wa Mutuini Aliyekuwa Akifupika

Kila mfanyakazi mpya wa kliniki yetu, akifika kwenye lile swali la katikati ya fomu ya rejista, hucheka kwanza ndipo aulize. Swali lenyewe ni hili: "Nyumbani mtoto huyu anaitwaje, na nani mwingine anaitwa hivyo?" Wengine hudhani liliwekwa na mtu mwenye mchezo. Msichana mmoja aliyeajiriwa juzijuzi alinishauri tuliondoe ili fomu itoshee ukurasa mmoja. Nilimwambia akiliondoa nitaacha kustaafu kwa ajili yake tu. Sasa nimestaafu kweli, viatu vyangu vyeupe nimempa dada yangu anayeuza mboga soko la Kangemi, na kwa kuwa sioni mwingine wa kuwaeleza swali hilo lilitoka wapi, nimekaa kuandika.

Jina langu ni Jerusa, lakini miaka yote ya kazi niliitwa Sista, hata na mume wangu alipokuwa na shida na mimi. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto wenye kisukari, pale katikati ya mji, ghorofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Wazazi walifika mlangoni wakihema kiasi kwamba tuliwakalisha kwanza kabla ya kuwauliza lolote. Ndiyo sababu benchi letu liliisha rangi mapema kuliko kuta.

Siku yangu ya kwanza nilipewa chungwa. Aliyenipa ni Sista Filomena, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuendesha kwaya, ambaye alikuwa amewachoma watoto sindano tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Akanipa bomba la sindano lenye maji na kuniambia nidunge. Nikadunga. Akalichukua chungwa, akaligeuza, akalitazama kwa huzuni na kusema, "Huyu umemuua. Chukua mwingine." Niliua mengi wiki ile. Yale yaliyokwisha kudungwa aliyapeleka kwake akakamue juisi, na mimi tangu hapo kila nilipomtembelea niliomba chai.

Filomena hakuwa na vitabu. Alikuwa na makatazo. Usimwulize mama kama amemdunga mtoto leo, kwa sababu atakuambia ndiyo; mwulize bomba amelitupa wapi. Usiliamini daftari la sukari lililoandikwa lote kwa kalamu moja. Mtoto anayejipima kweli nyumbani daftari lake lina doa la damu, doa la chai, na siku moja iliyoandikwa kwa penseli ya macho ya dada yake. Lile safi la kupendeza limeandikwa lote kwenye ngazi zetu dakika chache kabla ya kuingia, na ndiyo maana lifti mbovu ilitusaidia, kwani kutoka ofisini tuliwaona wameinama pale wakiandika.

Tatizo kubwa lilikuwa kuiweka insulini mahali pa baridi. Nyumba nyingi za wagonjwa wetu hazikuwa na friji. Baba mmoja wa Kangemi alipatana na mwenye bucha amhifadhie, na mwenye bucha kwa moyo safi kabisa akaitia kwenye friza katikati ya matumbo, ikaganda ikawa haifai. Tulichowafundisha ni chungu. Unachukua chungu kikubwa, unatia mchanga, unaumwagia maji, unazika chungu kidogo ndani yake na chupa humo, unafunika kitambaa kilicholowa. Bado naamini chungu kuliko friji ya bucha.

Kisha akaja Daktari Hemlata na rejista yake. Alikuwa amezaliwa Parklands na kukulia Parklands, mwembamba, mwenye haraka, Kiswahili chake kikienda kasi bila kusimama kwenye ngeli yoyote. Siku ya kwanza alituita sote chumba cha chai, ambacho pia kilikuwa chumba cha mizani, akasema, "Hawa watoto wanakufa na sisi hatujui hata ni wangapi. Nikienda kuomba dawa, naulizwa ni ya watoto ngapi, nasema wengi. Wengi si hesabu."

Alisema kweli. Zamani zile mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kitandani na kukonda, wengi walimtibu malaria, kisha homa ya matumbo, kisha wakamwombea. Waliofika kwetu walikuwa wale waliobahatika. Rejista ilikuwa njia ya kumwandika kila mtoto mara moja, kisha kumfuata: aligunduliwa akiwa na umri gani, uzito wake, urefu wake, sukari yake, dawa anayopata, na kama akikosa kuja, yuko wapi. Kwa rejista hiyo wafadhili wangetoa insulini, chupa kwa kila namba, na watu wa chuo kikuu wangejifunza jinsi ugonjwa unavyowashika watoto wa huku kwetu.

Mwenye rejista alikuwa Bwana Mutua, karani wa rekodi. Alivaa tai kila siku, hata siku za kufagia stoo, na alikuwa na msimamo ambao aliubandika ukutani juu ya dawati lake: JINA MOJA, NAMBA MOJA. Alikuwa mtu mwaminifu na makini, na ninasema hivyo kabla hamjaanza kumcheka. Mtoto akiletwa aliulizwa jina lote, mahali, simu ya mzazi, na mwaka wa kuzaliwa. Tarehe kwa kawaida haikujulikana, kwa hivyo aliandika ya kwanza Januari. Rejista yetu ilijaa watoto waliozaliwa mwaka mpya, na profesa mmoja wa chuo kikuu aliwahi kutuuliza kama tumeona uhusiano wa kisukari na sikukuu.

Huyo profesa ndiye wa kwanza kumpenda mtoto wa Mutuini.

Alikuwa binti wa miaka tisa hivi, Mary Wambui Kinuthia, aliyeletwa na nyanya yake kutoka Mutuini, kule Dagoretti ambako watu bado wana ng'ombe nyuma ya nyumba za kupangisha. Shosho, kama kule wanavyomwita nyanya, alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kwa mkazo. Mtoto alikuja daima na sweta ileile ya kijani, safi, iliyopigwa pasi. Alikuwa mpole, alidungwa bila kulia, na hakuwa na kasoro yoyote ila moja. Alikuwa akifupika.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipima. Wiki hii anasimama kwenye ubao wa ukutani, naandika urefu. Safari inayofuata amepungua, na si kidogo. Inayofuata tena amerudi juu. Uzito nao ulipanda na kushuka vivyo hivyo. Nililaumu viatu, nikawa namvua. Nililaumu nywele, kwa sababu mara alikuja amesukwa na mara hakusukwa. Mwishowe nililaumu ubao, na fundi akaitwa kuupigilia upya. Alipigilia, akapima kwa futi yake, akaapa kwamba uko sawa. Mwezi uliofuata mtoto akafupika, nami nikamwita fundi tena, naye akaniambia, "Sista, ubao ni mzima. Labda ni mtoto hajapigiliwa vizuri."

Profesa alipoona mstari wa urefu wa Wambui kwenye karatasi ya grafu alivua miwani. Ulikuwa unapanda na kushuka mithili ya meno ya msumeno. Akasema hajawahi kuona jambo hili kwenye jarida lolote, akaomba apimwe homoni, mifupa, na kifua, na akaanza kuandika makala. Daktari Hemlata, ambaye hakuwa mtu wa kusisimka ovyo, alimdunga mtoto yule sindano za kutoa damu mpaka nikamwonea huruma. Majibu yote yalirudi ya kawaida, na profesa akafurahi zaidi.

Ndipo ikaja kompyuta. Ilibebwa ngazi zote hizo na wanaume wawili, kichwa chake kikubwa kimefunikwa kwa blanketi, na Bwana Mutua akaipokea kama bwana harusi. Alichukua muda mrefu kuzihamisha kadi zote humo kwa vidole viwili. Alipomaliza, kompyuta ikaanza kutuambia mambo ambayo kadi hazikuwahi kutuambia, na la kwanza lilikuwa hili: namba ya Wambui wa Mutuini ilikuwa inachukua insulini mara mbili kwa mwezi.

Enzi za kadi hakuna aliyekuwa ameona, kwa sababu dirisha la dawa lilikuwa chini na rejista juu, na katikati yao kulikuwa na ile lifti. Sasa iling'aa kwenye skrini. Siku ambayo shosho alikuja, mimi nilikuwa chumba cha pili na mtoto mwenye hofu ya sindano aliyekuwa amejifungia chooni, kwa hivyo mazungumzo haya nilisimuliwa baadaye na Bwana Mutua mwenyewe, wakati ambapo hakuwa tena na sababu ya kuyapamba.

"Shosho, mwezi huu umechukua mara mbili," alimwambia.

"Ndiyo. Kila mwezi nachukua mara mbili."

"Na ni ya nani?"

"Ya Wambui."

"Na hiyo ingine?"

"Pia ni ya Wambui. Kwetu tuko na Wambui, baba. Hata mimi ni Wambui."

Bwana Mutua akaomba kitambulisho chake. Akasoma: Mary Wambui Kinuthia. Akakumbuka kwamba shosho mwenyewe alikuwa na sukari, ile ya uzeeni ya vidonge, maana aliwahi kuuliza kuihusu. Kila kitu kikamwingia akilini kwa mpangilio mzuri. Bibi kizee alikuwa anajidunga insulini ya mjukuu.

"Kuanzia leo ni chupa moja," akasema. "Namba moja, chupa moja. Kompyuta haiwezi danganya."

Shosho alimtazama, akatazama kompyuta, akasema sawa. Aliinuka na kushuka ngazi.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini hakueleza? Nami nilimwuliza, na jibu lake ni la mtu aliyeuza maziwa maisha yake yote. Katika chama chao cha maziwa boma zima lina namba moja. Ng'ombe wawe wawili au watano, wawe wa mama au wa mtoto aliyeoa, maziwa yote huenda kwa namba ya boma. Mjukuu wa kwanza alipoandikwa kliniki alipewa namba. Mjukuu wa pili alipougua miezi kadhaa baadaye alimleta vilevile, na Bwana Mutua, alipoona jina, mahali na simu ni yale yale, alimwambia, "Huyu tayari yuko, shosho," akamrudishia kadi ileile. Shosho aliona ni jambo la busara. Kumbe hata hospitali wanajua namba ni ya boma. Na karani wa maziwa akisema kiwango kimepunguzwa, kimepunguzwa, hakuna anayemwuliza.

Kwa hivyo walikuwa wawili. Ninyi mmekwisha kuelewa, lakini ninyi mmeketi mnasoma. Sisi tulikuwa na foleni. Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama ya baba. Shosho alikuwa na wana wawili, Njoroge na Mwangi, kila mmoja akapata binti wa kwanza mwaka uleule wa mvua kubwa, kila mmoja akampa mama yake heshima inayomstahili, na la ubatizo wakampa pia, na la ukoo ni moja. Mary Wambui Kinuthia, na Mary Wambui Kinuthia, wajukuu wa Mary Wambui Kinuthia, na sura yake pia wote wawili walikuwa wameirithi. Kwetu magharibi mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufariki, na kwa upande wa rejista nauona ni utaratibu mzuri, maana huyo wa kwanza hatakuja kliniki. Shosho alileta mjukuu mmoja kila safari kwa sababu hakuwa na nauli ya wote, na sweta ya kuendea hospitali ilikuwa moja.

Baada ya ile siku ya chupa moja, tarehe ya Wambui ilifika na Wambui hakuja. Ikafika nyingine, kimya. Simu ya shosho, mulika mwizi yenye tochi, ilikuwa imezimwa. Daktari Hemlata alikuwa na sheria kwamba mtoto wa rejista akipotea anafuatwa, na zaidi ya hayo alikuwa na hasira. Aliamini hadithi ya Bwana Mutua. Akaniambia, "Sista, tunaenda huko. Mimi naongea na huyo mama mwenyewe."

Tulienda na gari lake. Njia nzima, kuanzia mjini mpaka tulipoiacha lami, alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti. "Mama, insulini ya mtoto si dawa ya mzee. Mama, ukijidunga unaiba. Sista, 'unaiba' ni kali sana?" Nikamwambia ni kali. "Basi 'unachukua bila ruhusa.'" Nikamwambia hilo ni refu. Tulipofika Mutuini alikuwa bado hajachagua. Huko barabara ilikuwa ya udongo mwekundu uliolowa, na gari likaanza kwenda upande ambao hakulielekeza.

Kwenye lango la boma tulimkuta Njoroge, mwana mkubwa, amebeba nyasi za ng'ombe. Alitusalimia kwa mikono yote miwili alipoona vazi langu jeupe.

"Asante kwa kukuja, Sista. Maitu ni mgonjwa. Amelala tangu jana hata hawezi kuamka."

Maitu ni mama yangu kwa Kikuyu, hilo hata mimi nalijua. Daktari alinigeukia kwa uso wa mtu ambaye ameambiwa kwamba alisema kweli. "Unaona? Amejidunga mpaka ameanguka." Kisha kwa Njoroge, "Mama yako aliambiwa asitumie dawa ya mtoto."

Njoroge alimtazama asielewe. "Mama yangu yuko hapo nyuma, anakamua," akasema.

Na kweli shosho akatokea nyuma ya zizi na ndoo mkononi, kitambaa kimefungwa kwa mkazo uleule, mzima kabisa. Daktari akafungua mdomo, hotuba yote ikamkauka humo. Mimi nikamwuliza Njoroge aliyelala ni nani basi.

"Si nimewaambia? Ni maitu. Binti yangu, Wambui."

Mtu wa kule humwita binti aliyepewa jina la mama yake kwa cheo cha mama. Hatukusimama kuelezwa. Tuliingia ndani, na mara nilipofika mlangoni niliisikia harufu, ile ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ya mtoto aliyekosa insulini, ambayo Filomena alinifundisha kuitambua kabla ya kuniambia inaitwaje. Mtoto alikuwa kitandani, macho nusu wazi, akipumua kwa kina na haraka kana kwamba ameipanda ngazi yetu na hajafika. Niliogopa. Nimewaona wengi na bado niliogopa, kwa sababu huyu nilikuwa nimemvua viatu kwa mikono yangu kila mwezi.

Daktari alimchoma kidole, akatia damu kwenye mashine. Mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake. Akakimbilia gari kuchukua mkoba wa maji ya kutundika. Nilikuwa nimepiga magoti natafuta mshipa wakati mlango ulipotiwa giza na mtu. Nikainua macho. Alikuwa amesimama pale Wambui, na sweta ya kijani, ameshika kikombe cha uji.

Nilitazama kitanda. Nikatazama mlango. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifikiri juu ya mambo ya kanisani. Kisha niliona kwamba huyu wa mlangoni ni mrefu kidogo kuliko yule niliyemshika mkono, kwa kiasi kilekile hasa nilichokuwa nikimlaumia fundi.

"Wewe ni nani?" nikamwuliza.

"Wambui."

Daktari alikuwa amerudi na mkoba. Alimtazama mtoto wa mlangoni, akanitazama, akasema polepole, kwa Kiswahili sanifu ambacho sikujua kwamba anacho, "Sista, wako wawili."

Shosho alikuwa ameingia nyuma yetu. "Mlisema chupa moja," akasema. "Nikagawanya. Huyu wa chini alikuwa anaweza kuvumilia. Huyu wa juu akashindwa." Alisema hivyo bila kutulaumu, na ndilo lililoniuma zaidi, kwamba aliona ni yeye ndiye ameshindwa kugawanya vizuri.

Wambui wa juu na Wambui wa chini. Boma lao liko kwenye mteremko, nyumba ya Njoroge juu, ya Mwangi chini, na hivyo ndivyo walivyotofautishwa tangu kuzaliwa. Kila mtu wa mtaa ule, hata mwenye kioski, alijua wako Wambui wawili wenye sukari. Ni rejista tu ambayo haikujua.

Tulimtia gari, kichwa chake mapajani mwangu, maji yakining'inia kwenye mkono wangu ulioinuliwa. Gari likakwama kabla ya lami. Daktari akashuka na viatu vyake vya Parklands, akaingia topeni hadi vifundoni na kusukuma pamoja na Njoroge na majirani, huku akiwaamuru kwa lugha tatu. Mkono wangu ulikufa ganzi nikaubadilisha. Shosho aliketi mbele na Wambui wa chini mapajani, kwa sababu daktari alisema huyo naye apimwe, na kila tulipofika kona aligeuka kumtazama wa juu kama bado anapumua. Alikuwa akipumua. Nilikuwa namhesabia kwa midomo.

Hospitali moja ya Parklands ilitupokea. Karani wa mapokezi alikuwa peke yake, na foleni nyuma yetu.

"Jina la mgonjwa?"

"Mary Wambui Kinuthia," nikasema.

"Na huyu mwingine mnataka apimwe?"

"Mary Wambui Kinuthia."

Akaacha kuandika. "Na mama mwenye ataandikwa kama mzazi?"

Shosho akatoa kitambulisho. Karani alikisoma, akaweka kalamu chini kwa upole, akaniambia, "Sista, tafadhali. Mimi leo sijakula."

Usiku huo daktari hakwenda nyumbani, na mimi nilimpigia mume wangu simu kumwambia ugali uko kwenye sufuria ya bluu. Siku ya pili mchana Wambui wa juu alifungua macho, akaomba chai, akaambiwa haina sukari, akaikubali kwa uso wa kukata tamaa. Nililia chooni kisha nikanawa uso.

Bwana Mutua alipoambiwa hakutetea kompyuta. Aliliondoa lile tangazo lake ukutani, akalikunja vizuri kwa sababu hakuwa mtu wa kurarua karatasi. Jioni alikuja na fomu mpya aliyoiandika yeye na daktari, na katikati yake lile swali ambalo ninyi mnalicheka. Wiki zile tulizirudia kadi zote, familia kwa familia. Tulimpata Kamau mmoja ambaye alikuwa binamu wawili, na mtoto mmoja wa Kangemi ambaye alikuwa ameandikwa kliniki mbili kwa majina mawili na aliyekuwa akijulikana nyumbani kwa la tatu. Hesabu ya watoto wetu ilibadilika, na daktari alikwenda kwa wafadhili na hesabu badala ya "wengi". Chupa zikaongezwa. Kilichomtesa Bwana Mutua mpaka mwisho ni kwamba Wambui wa juu ndiye mfupi na wa chini ndiye mrefu. Kila mara alilazimika kufikiri.

Profesa alikuja na makala yake karibu kumalizika. Daktari alimkalisha kwenye benchi lililoisha rangi akamweleza. Aliikunja makala yake. Kisha akauliza kama binamu wawili wa boma moja kupata kisukari si jambo la kuchunguzwa nalo, na daktari akasema ni jambo, na makala ikaanza upya. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Siku ya chai yangu ya kuagwa ilikuwa pia siku ya kliniki, kwa sababu Daktari Hemlata hakuamini katika siku zisizokuwa na kliniki. Keki ilikuwa mezani, kwa watoto wa kisukari, na msiniulize ni nani aliyeiagiza. Bwana Mutua alitoka na orodha, tai imenyooka, akaita, "Mary Wambui Kinuthia."

Wakainuka watatu kwenye benchi.

Nilikuwa sijawahi kuwaona pamoja kliniki, kwa vile nauli ilikuwa haijawahi kutosha. Shosho alikuwa amezeeka lakini kitambaa kilikuwa kilekile. Wasichana walikuwa wamekua, wanatazama chini kwa haya za umri ule, na kila mmoja alikuwa amevaa sweta yake, moja ya kijani, moja nyekundu. Bwana Mutua alitazama orodha, akatazama benchi, akasema, "Ingieni nyote."

Daktari alinipa kalamu. Alisema niwapime mimi, ya mwisho, halafu nikale keki. Nikawavua viatu mmoja baada ya mwingine, nikawasimamisha kwenye ule ubao ambao bado una matundu ya misumari ya fundi, wa juu kwanza, kisha wa chini. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu macho yangu yalikuwa yanasumbua. Kisha nikaandika urefu wa kwanza kwenye mstari wake, na wa pili kwenye mstari wake, nikalinganisha na ziara iliyopita.

Wote wawili walikuwa wameongezeka.